Yaliyosemwa Kabla ya Septemba

Kwa miaka thelathini na minne Dona Zulmira Fagundes aliketi nyuma ya kaunta ya ofisi ya hati ya mji wa Pedra Torta, kazi yake kulinganisha saini. Watu waliuza mashamba, wakaoana, wakaachana, wakarithi, wakanyang'anyana walichorithi. Yote yalipita mikononi mwake, na kila mara alivuta kadi ya mfano wa saini ya mhusika kutoka kwenye droo, akailaza kando ya karatasi mpya, akatazama. Kazi hiyo ilimfunza kwamba saini inayotiwa mbele ya karani haifanani kamwe na ile ambayo mwenyewe aliiandika bila habari kwamba inatazamwa. Ya kwanza ina ugumu wa shati lililopigwa pasi. Ya pili ndiyo mtu mwenyewe. Alipostaafu, ofisi ilimzawadia saa ya mkononi ya dhahabu. Aliipeleka kwa sonara kesho yake. Haikuwa dhahabu.

Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa katika barabara ya kanisa, na humo alikaa na mwanawe wa pekee, Evandro, mfamasia wa miaka arobaini na mmoja, pamoja na mke wa Evandro, Ildikó, Mhungaria. Wawili hao walikutana Ulaya, katika kongamano la wasemaji wa Kiesperanto, ile lugha iliyotungwa na daktari mmoja wa macho ili binadamu wote wapate kuelewana. Evandro hakujua Kihungaria. Kireno cha Ildikó, baada ya miaka miwili, kilikuwa bado cha sokoni: bei, vitunguu, samahani, kesho. Hivyo mume na mke walizungumza kwa lugha ya binadamu wote, na katika nyumba ile binadamu wote walikuwa watu wawili.

Dona Zulmira hakuwa na ugomvi na mkwewe. Alikuwa na shaka naye tu, na shaka haihitaji ugomvi. Ildikó alikata sukuma mapande manene kama ya kulisha sungura, ilhali kila mtu katika jimbo lile anajua kwamba sukuma hukatwa nyembamba mithili ya uzi. Alinyunyiza pilipili nyekundu juu ya maharagwe yasiyo na kosa. Na alipochekeshwa na jambo, alicheka baada ya kumtazama mumewe, jambo ambalo Dona Zulmira aliliona kwa mashahidi wengi wa uongo.

Jumapili tarehe kumi na nne Juni, baada ya chakula cha mchana, Evandro alisukuma kando sahani ya jibini na mapera ya kusaga, akakohoa.

"Mama, nimefikiria habari ya nyumba."

"Nyumba imefanya nini?"

"Haijafanya kitu. Ila wewe mwenyewe umeona watu wanavyosumbuka na mirathi, miaka nenda miaka rudi. Ungeniandikia sasa hivi, ukabaki na haki yako ya kukaa humu mpaka mwisho. Hati moja tu, yameisha."

"Mpaka mwisho wa nini?"

"Mama, jamani."

"Nauliza tu. Hati huwa inataja."

Evandro alisema wala hakuna haraka. Kisha akamfuata mkewe kwenye karo la vyombo, akafungua bomba, na wawili wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, kwa lugha yao. Dona Zulmira alibaki mezani akiokota makombo. Hakuelewa neno, lakini masikio yake hayakuwa yamestaafu. Alisikia *panjo*, jina ambalo Ildikó alimwitia yeye, mama. Alisikia *domo* mara tatu, na kwa kuwa Kireno kina neno la nyumba la ukoo huohuo, hakuhitaji mkalimani. Na alisikia *subskribi*, lililofanana mno na neno aliloliandika kwa miaka thelathini na minne chini ya kila hati, juu ya jina lake mwenyewe.

Mama, nyumba, kutia saini.

Akatoa daftari dogo kwenye mfuko wa aproni, akaandika tarehe, saa na jina la msemaji. Halafu, kwa kuwa hakuelewa, aliandika sauti kama zilivyokuja, silabi kwa silabi. Pale maji ya bomba yalipofunika maneno alipiga mstari akaendelea. Karani mwaminifu hajazi pengo. Alifanya hivyo Jumapili tatu, kurasa nne kwa jumla, kisha akalificha daftari ndani ya kopo la unga wa mahindi. Kumkataa mwana wa pekee bila sababu ni aibu, na kumkubali bila sababu ni ujinga. Aliamua hatatia saini wala kukataa mpaka ajue wanasema nini.

*

Katika mji mzima aliyefundisha Kiesperanto alikuwa mmoja, Seu Onofre Tibúrcio, mpiga simu za maandishi wa zamani wa reli, mzee wa miaka themanini mwenye beji ya nyota ya kijani kifuani. Alifundisha Jumamosi alasiri katika ukumbi wa jumuiya ya waamini mizimu, ambao waliisadiki lugha hiyo kuwa ndiyo itakayosemwa dunia ikishatakaswa. Dona Zulmira alikuwa Mkatoliki. Aliingia kwa mlango wa pembeni, kitambaa kichwani, kama mtu aendaye kwa mganga.

"Ee! Dona Zulmira!" Seu Onofre alipaza sauti. "Umepotea njia? Kanisa ni mtaa wa pili."

"Najua kanisa lilipo. Nimekuja kujifunza lugha yenu."

"Yetu? Ya wote, mama, ya wote!"

Dona Zulmira aliutazama ukumbi. Viti ishirini, wanafunzi watatu, mmoja amesinzia.

"Wote wako wapi?"

"Wanakuja. Polepole, lakini wanakuja." Mzee alimvutia kiti. "Wewe fikiria, siku kila mtu duniani akiwa na lugha moja juu ya ile ya mamaye. Vita vya nini tena? Watu wanauana kwa kuwa hawaelewani."

"Seu Onofre, mimi nimeona ndugu wa tumbo moja wakitaka kutoana macho kwa ajili ya ng'ombe watano. Wote kwa Kireno, tena Kireno safi. Wangekuwa hawaelewani, mpaka leo wangekuwa wanasalimiana."

"Mh! Una moyo wa kufuli wewe." Mzee alicheka mpaka beji ikatikisika. "Sasa kama hivyo ndivyo uonavyo, unajifunza ya nini?"

"Kwa faida ya roho."

Seu Onofre aliacha kucheka. Mtu aliyepitisha maneno ya watu wengine kwa nyaya miaka arobaini huwa na pua ya kunusa ujumbe uliofichwa.

"Roho ya nani?" aliuliza.

Dona Zulmira alirekebisha kitambaa kichwani. Mzee akamsukumia daftari kubwa la klabu. Juu ya ukurasa palikuwa na mistari miwili ya chapa kwa Kiesperanto; chini yake, majina. "Haya, weka saini hapa."

Nje, mbele ya dirisha, alikuwa akipita mke wa msimamizi wa kwaya. Dona Zulmira aliinamisha kichwa, na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimeshainama, akatia saini. Aliyewakemea maelfu ya wakulima kwa kutia saini wasichoweza kusoma, akatia saini asichoweza kusoma.

*

Lugha yenyewe haikumpa taabu. Haikuwa na mapango wala vichochoro; ilikuwa kama mji uliopimwa na mhandisi siku moja. Jambo hilo nalo alilitilia shaka. Katika klabu kulikuwa na sheria: mwenye kuchomeka lugha ya nyumbani mbele ya wenzake wanaojua lugha ya wote, huyo ni mamba, mdomo mkubwa na ubongo mdogo. Kila Dona Zulmira alipoteleza kwenye Kireno, mzee alipiga meza.

"Mamba!"

"Nimesema 'asante' tu."

"Hata asante. Mamba ni mamba, hata akiwa mdogo."

"Na mamba wa huko Hungaria wanaitwaje?"

"Hao hao. Lugha moja, mamba wamoja."

Agosti yote alikula chakula nyumbani kwa uso wa mtu asiyeelewa, kazi ambayo ni nzito kuliko kuelewa. Alianza kupata neno hapa na neno pale: chumvi, mvua, soksi. Katikati ya Septemba, kama mtu anayefutiwa ukungu kwenye miwani, alianza kupata sentensi nzima. Alijiandaa kwa mabaya.

Mabaya hayakuja. Evandro, akikausha sahani, alisema kwa lugha yao kwamba mama asisumbuliwe. Jumapili nyingine alisema kwamba chumba cha nyuma kinapata jua la asubuhi, kizuri kwa magoti ya mama, na kwamba akishapata hati atabadilisha vigae vya paa kabla ya masika ili mama asilale na ndoo. Alisema nyumba ni ya mama mpaka Mungu atakapomwita. Alisema hayo taratibu, akitamka kila neno hadi mwisho. Ildikó alijibu neno mojamoja: ndiyo, labda, sawa. Mara moja aliendelea tu kusugua sufuria ambayo tayari ilikuwa safi.

Dona Zulmira aliona haya. Kwa miezi mitatu alikuwa amemvizia mwanawe kama mwizi wa kuku, na kumbe kijana alikuwa akihesabu vigae. Mwishoni mwa Oktoba alimwambia mwanawe mezani, "Ile hati yako. Andaa. Alhamisi tarehe kumi na mbili Novemba."

"Kweli, mama?"

"Nimesema Alhamisi. Sikusema labda."

Evandro alimbusu kichwani. Ildikó, aliyefahamu angalau jina la siku, aliweka kijiko mezani, akamtazama mumewe. Hakucheka.

*

Jumamosi kabla ya Alhamisi hiyo, Dona Zulmira aliwahi klabuni. Seu Onofre alikuwa akipanga matoleo ya zamani ya jarida lao, karatasi nne zilizopigwa chapa kwa mashine ya mkono na kubanwa kwa pini, ambalo lilitumwa kila mwezi kwa wanachama wa jimbo zima.

"Nisaidie kupanga, mama. Macho yangu siku hizi yanasoma ya mbali tu."

Alipanga. Julai, Agosti, Septemba. Kwenye ukurasa wa kwanza wa Septemba, ndani ya fremu ya nyota, palikuwa na kichwa alichoweza sasa kukisoma bila kamusi: *Tunawakaribisha Wanafunzi Wapya*. Chini yake, jina la pili katika orodha: Zulmira Fagundes, Pedra Torta.

"Hili ni nini?" aliuliza kwa Kireno.

"Mamba!"

"Seu Onofre, acha mamba wako. Nani aliwaruhusu kuchapisha jina langu?"

Mzee alishangaa. Akalifungua daftari kubwa, akaweka kidole juu ya ile mistari miwili ya chapa. Sasa Dona Zulmira aliweza kuisoma nayo: *Mimi niliyetia saini hapa chini nakubali jina langu litangazwe katika jarida, kwa furaha ya wenzetu wote.*

"Si umetia saini? Saini nzuri kweli, ningependa na yangu iwe hivyo."

"Na jarida hupelekewa nani?"

"Wanachama wote. Mwanao ni mwanachama namba kumi na saba. Nilimpelekea kwa mkono wangu famasini, nikamwambia, ona, mama yako! Akaisoma palepale, mara mbili. Akaniomba nisikwambie kitu. Eti anataka wewe mwenyewe uwashangaze siku moja." Seu Onofre alitabasamu. "Kijana mwema."

"Lini?"

"Eh?"

"Siku gani ulimpelekea?"

"Tarehe ya kwanza. Jarida langu halichelewi hata siku moja."

Dona Zulmira alikaa kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kila alichokielewa kwenye karo la vyombo kilikuwa kimesemwa baada ya tarehe ile. Magoti, vigae, Mungu atakapomwita: yote yalikuwa saini zilizotiwa mbele ya kaunta. Labda zilikuwa za kweli. Watu wengi hutia saini za kweli mbele ya kaunta. Lakini kadi ya mfano ilikuwa wapi?

"Wewe mama umebadilika rangi. Nikuletee maji?"

"Niambie kitu kimoja. Siku binadamu wote watakapokuwa na lugha yako hii moja, mtu akitaka kusema ukweli, atakwenda kuusemea wapi?"

"Popote! Ndiyo maana yenyewe, popote!"

"Ndilo ninalolihofia," alisema Dona Zulmira, akachukua mkoba wake.

*

Jumatano alasiri Evandro alikuwa kazini na Ildikó amekwenda sokoni. Dona Zulmira alitoa daftari kwenye kopo, akalipukuta unga, akafungua kurasa nne za Juni. Alikuwa amezisahau kwa sababu, alipoziandika, hazikuwa na maana. Sasa alielewa kwamba thamani yake ilikuwa hapo. Sikio lisilojua lugha haliwezi kutia chumvi. Halina chumvi ya kutia. Na waliosema walisema wakiamini kwamba mtu aliye mezani ni sawa na mtungi. Ujinga wake na uhakika wao, hivyo viwili pamoja, vilikuwa ushahidi safi kuliko wowote aliowahi kuupokea kauntani.

Alizisoma silabi kwa sauti, akazikata upya pale alipokuwa ameziunga vibaya, akaandika maana kando kwa penseli nyekundu. Ukurasa wa kwanza ulimchukua saa nzima.

Evandro: *Kwanza karatasi ya kwanza. Ya pili, ya kuiacha haki ya kukaa, baada ya Krismasi.* Mstari wa bomba. *Atatia saini, amechoka. Mjini Uberaba kwa binamu atapata hewa.* Mstari wa bomba. *Mjenzi wa maghorofa hangojei zaidi ya Januari.*

Ildikó: *Mwambie. Mwambie kwa lugha yake.*

Evandro: *Kwa lugha yake siwezi kusema neno kama hili.*

Ildikó: *Basi neno lenyewe ni baya.*

Dona Zulmira aliweka penseli chini. Huko nje mtu alikuwa akinadi mikate ya jibini. Alirudia ukurasa wote toka mwanzo kutafuta kosa, akitamani, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kulipata. Mistari ya bomba ilikuwa mingi, na yeye hakuwahi kuthibitisha hati yenye mapengo. Huenda nyuma ya maji palikuwa na neno lililogeuza yote. Huenda. Mara ngapi alimsikia mtu aliyeumbuliwa akidai kwamba neno la kumwokoa liko palepale penye doa la wino?

Kilichomchoma hakikuwa mjenzi wala Uberaba. Kilikuwa kwamba yule aliyenyonya Kireno kwake ndiye aliyekimbilia lugha ya binadamu wote ili asisikike na binadamu mmoja. Na aliyemtetea alikuwa mgeni wa sukuma nene, ambaye yeye kwa miaka miwili alimpa maneno manne: bei, vitunguu, samahani, kesho.

*

Ofisi ya hati haikuwa imebadilika ila rangi ya kuta. Karani alikuwa Jucélia, mwanamke wa makamo ambaye Dona Zulmira mwenyewe alimfundisha kazi. Evandro alivaa tai. Ildikó alikaa mwishoni mwa benchi, mkoba mapajani, kwa maana mke wa mpokeaji naye lazima awepo.

Jucélia alisoma hati yote kwa sauti, kama desturi inavyotaka, kutoka jina la mkoa hadi nukta ya mwisho. Alipomaliza aliuliza, "Pande zote zimesikia na kuelewa?"

"Zimeelewa," alisema Evandro.

"Bado kidogo," alisema Dona Zulmira.

Akageuka kwenye benchi. Kwa Kiesperanto, kwa lafudhi ambayo ingemliza Seu Onofre, alimuuliza mkwewe, "Tarehe kumi na nne Juni, mbele ya karo, ulimwambia mume wako nini?"

Kalamu ya Jucélia ilisimama. "Dona Zulmira, mnaongea nini hapo? Mimi siwezi kuandika nisichokielewa, wewe ndiye ulinifundisha."

"Usiandike. Hujaambiwa bado."

Evandro hakuonyesha kushangaa kwamba mama yake anajua lugha ile. Mama yake aliona kwamba hakuonyesha, akaliweka hilo nalo kwenye faili. "Mama," alisema haraka, "kwa kweli tulikuwa tunangoja utushangaze wewe mwenyewe—"

"Sijakuuliza wewe, mwanangu."

Ildikó alikuwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Alijua sheria ya mamba kuliko wote waliokuwemo. Alikuwa amelelewa nayo. Hata hivyo alijibu kwa Kireno, kibovu, akiokota neno mojamoja kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mimi kusema: ambia yeye. Kwa... kwa mdomo ya nyumbani. Mimi kusema, Dona Zulmira. Mara nyingi kusema."

Dona Zulmira alimgeukia mwanawe.

"Haya. Kwa mdomo wa nyumbani."

Evandro alitazama tai yake, akautazama mhuri ulio juu ya kaunta, akaitazama dari. Alikuwa mtu wa lugha mbili, na kwa dakika nzima hakuwa na hata moja. Halafu alisema kwa Kireno, kwa sauti aliyoitumia zamani alipovunja kioo cha sebuleni, "Kuna mjenzi, mama. Anataka kiwanja. Nilifikiri ukishazoea Uberaba... Nilifikiri ungepapenda."

"Umechukua miezi mitano," alisema Dona Zulmira. "Ungeniambia Juni, pengine ningelia, na pengine ningekubali. Sasa hatutajua kamwe."

Akaichukua hati, akaikunja mara mbili, akaitia mkobani bila saini. Jucélia alimwambia kwa upole kwamba nakala ile ni mali ya ofisi. Akaitoa, akaikunjua, akairudisha kauntani, akainyoosha kwa kiganja. Kanuni ni kanuni.

*

Hakumfukuza mtu. Walirudi nyumbani watatu, wakala maharagwe. Tangu siku ile Ildikó alijikaza kusema Kireno jikoni, na Dona Zulmira akamwonyesha namna ya kuviringisha majani ya sukuma kama sigara kabla ya kuyakata. Mkwewe alishika upesi. Alishika upesi mno, aliwaza Dona Zulmira. Mtu anayekumbuka bila kusita alichokisema Jumapili moja ya Juni, ama amesema kweli, ama amejiandaa. Kadi ya mfano ilikuwa ikimshuhudia Ildikó vizuri. Lakini saini kwenye kadi hiyo ilikuwa moja, na kwenye ile kazi ya zamani kanuni ilidai mbili.

Kiesperanto hakikusikika tena kwenye karo. Kilikuwa sasa lugha ya watu watatu, na kwa hiyo hakikuwa na kazi.

Jumapili ya pili ya Desemba, baada ya chakula, mume na mke walikwenda kuosha vyombo. Dona Zulmira alibaki mezani na makombo yake. Kwanza alisikia sahani. Kisha akamsikia Ildikó akitamka kitu, polepole, kama mwalimu. Na Evandro akakirudia. Ildikó akasahihisha. Evandro akarudia tena, vizuri zaidi, na wote wawili wakacheka, naye Ildikó safari hii alicheka bila kumtazama mtu. Ilikuwa lugha ngumu, yenye kokoto ndani. Dona Zulmira aliitegea sikio lote. Hakusikia *domo* humo, wala *panjo*, wala neno lolote lenye undugu na neno lolote alilowahi kuandika.

Pengine kijana alikuwa akijifunza lugha ya mkewe kwa mapenzi, jambo ambalo alipaswa kulifanya miaka miwili nyuma. Pengine walikuwa wakitaja majina ya vyombo.

Alifungua kopo la unga, akatoa daftari, akatafuta ukurasa usioandikwa. Aliichonga penseli. Akaandika: *Jumapili, tarehe kumi na tatu Desemba. Saa nane na dakika kumi. Bomba limefungwa.* Kisha, silabi kwa silabi, akaanza.